Tyubu niliyoiuza mwenyewe: kisa cha chunusi za bibi harusi wa Makorora

Naanza na kosa langu kabla mtu hajaniuliza. Ile tyubu niliuza mimi. Mwezi wa nane, saa kumi na moja jioni, dukani watu wamejaa, mama mmoja kabeba mtoto anatapika, kijana anataka panadoli mbili tu na ana noti ya elfu kumi, afu huyu binti akapenya katikati akasema "dada nipe ile krimu ya vitu vitatu", nikanyoosha mkono rafuni nikampa, akalipa akaondoka. Sikumuuliza ya nini. Sikumuuliza anapaka wapi. Mi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Ngamiani, Tanga, mwaka wa sita huu, najua kabisa ndani ya tyubu ile mna nini, na bado mdomo haukufunguka.

Binti nitamwita Mwanaidi, si jina lake, kakubali niandike ila kasema nisithubutu kuweka picha. Ana miaka 22, anakaa Makorora kwa mama yake, anashona mabuibui na madera barazani kwao, na wakati huo alikuwa keshachumbiwa, harusi mfungo mosi. Hiyo harusi ishikeni maana ndo iliyoharakisha kila kitu kwenye kisa hiki.

Chunusi alikuwa nazo tangu kidato cha pili. Nazikumbuka kwenye sura yake ya zamani, hazikuwa za kutisha: vichwa vyeusi puani na kidevuni, vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso, na viwili vitatu vyenye usaha vikija taya la kushoto kila akikaribia siku zake. Za kawaida kabisa. Ila mtu mwenye chunusi haziiti za kawaida, na mtaani kila mtu ana dawa yake. Alishapaka dawa ya meno usiku akaamka na ngozi inabanduka. Alishapaka ndimu, na ndimu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana maji yake yakikaukia ngozini afu ukatoka juani, jua linayaamsha yanaunguza, na doa la hapo linakaa miezi, sasa fikiria jua letu la saa saba mchana. Kila usiku pia alikuwa anapaka nywele mafuta ya nazi akichanganya na yale mafuta mazito ya kopo, anajifunga kitambaa, analala.

Hilo la mafuta ya nywele ningeliona siku ya kwanza kama ningemtazama usoni sekunde kumi. Vipele vya paji vilikuwa vimejipanga pale pale nywele zinapoanzia, kama mpaka wa shamba. Madaktari Marekani walishaliandika tangu 1970, kwa watu weusi waliokuwa wanapaka mafuta mazito kichwani: mafuta yanatiririka na joto, yanaziba vitundu vya ngozi kwenye paji na pembeni mwa uso, vipele vinaota. Kwa joto la Tanga huhitaji hata kulala, yanashuka yenyewe.

Turudi kwenye tyubu. Vitu vitatu vilivyomo ni hivi: betamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, halafu dawa ya fangasi, halafu antibayotiki. Na watu wakisikia krimu mbaya wanafikiria mkorogo, wanafikiria vile vikopo vyenye zebaki na haidrokwinoni ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi na wakaguzi wanavikamata. Hii si hiyo. Hii ni dawa halali, ina kazi yake, mtu ana ukurutu uliopata fangasi na umechafuka, daktari anampa wiki moja au mbili inamsaidia sana. Ndo maana haikamatwi na mtu. Tatizo ni uso, na tatizo ni miezi.

Siku ya tatu Mwanaidi akanipitia dukani anacheka. "Dada, hebu nitazame." Wallahi uso ulikuwa umetulia. Wekundu hakuna, uvimbe hakuna, ngozi imelainika na imeng'aa kidogo. Akaniambia shoga zake wawili wanaitaka, na jioni ile ile wakaja, nikawauzia na wao. Naandika hivi nikiona aibu.

Kilichotokea siku zile tatu kinaeleza kisa chote kwa hiyo nivumilieni. Chunusi inaanza na tundu la kinyweleo kuziba. Chini kuna tezi inatoa mafuta, juu seli za ngozi zinagandana badala ya kubanduka, mafuta yanakosa njia, bakteria wanaoishi humo kwa kawaida wanaongezeka, mwili unakasirika unatuma askari wake, ndo unaona wekundu, uvimbe, maumivu, usaha. Sasa steroidi inachofanya ni kuwanyamazisha wale askari na kubana mishipa midogo ya damu. Wekundu unaondoka kweli. Lakini kizibo kiko pale pale, mafuta yako pale pale, na bakteria sasa wamepata nyumba isiyo na mlinzi. Ni kama king'ora kinalia nyumba inaungua na wewe umekata waya wa king'ora. Siku ya tatu kimya, unasifia fundi.

Akapaka wiki tisa. Asubuhi na jioni, uso mzima, kama losheni. Tyubu ya kwanza kwangu, zilizofuata maduka mengine. Katikati akajaribu kuacha mara mbili, na kila akiacha siku mbili uso unawaka na vipele vinarudi vingi kuliko mwanzo, anapaka tena, vinatulia. Hapo akaamini dawa inamfaa sana, maana "nikiiacha tu naharibika". Kwa maneno hayo hayo. Na ukifikiria kwa akili ya kawaida hajakosea hata kidogo, mtu yeyote angeona hivyo, ndo ubaya wa steroidi usoni, inajitolea ushahidi yenyewe.

Mwezi wa kumi mwishoni akaja saa mbili usiku nikiwa nafunga. Kavuta ushungi umeziba pua na mdomo, macho tu. Nilidhani ana mafua. Akasubiri mteja wa mwisho atoke ndo akauachia.

Uso mzima ulikuwa na vipele vya saizi moja, kama umetiwa chapa. Hicho ndo kilichonishtua, maana chunusi za kawaida zinachanganyika, kichwa cheusi hapa, kile chenye usaha pale, kingine ndo kwanza kinaumuka. Hivi vyote vilikuwa sawa, vyekundu vyeusi, vimejaa mashavuni, kidevuni, mpaka chini ya taya. Ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba mpaka nikaona vimishipa. Akisema inawaka, nikiweka mgongo wa mkono nahisi joto. Kuzunguka mdomo vilikuwa vimeshikana kabisa isipokuwa uzi mwembamba wa ngozi safi kando ya midomo. Mi sikuelewa ule uzi, nilieleweshwa baadaye.

Nikamuuliza nilichotakiwa kumuuliza mwezi wa nane. Akanionyesha tyubu. Nikakaa kwenye kigoda.

Hapa sikujifanya daktari. Nikamwambia ukweli, kwamba hii nilikosea kukupa bila kuuliza, na kesho kutwa tunaenda wote kliniki ya ngozi. Aliyemwona ni mtaalamu wa ngozi aliyesomea Moshi, kile kituo cha KCMC kilichoanza 1992 kufundisha wataalamu wa ngozi, maana madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na pengo linazibwa na watu kama hawa. Mtu mzima, mpole, anaongea taratibu. Akauwasha mwanga, akamgeuza uso kushoto kulia, akauliza swali moja tu: "Ulipaka muda gani?" Afu akaninyooshea kidole kule kwenye ule uzi msafi kando ya midomo, akasema ukiona vipele vimezunguka mdomo na ukingo wa midomo umeachwa safi, ulizia steroidi kabla hujaulizia kitu kingine. Sijausahau mpaka leo.

Akatueleza kwamba hapa pana magonjwa mawili. La juu ni uharibifu wa steroidi, la chini ni zile chunusi zake za zamani ambazo hazijawahi kutibiwa hata siku moja, zilizibwa mdomo tu. Huwezi kutibu la chini kabla la juu halijatulia. Akamkatiza ile krimu, akampa haidrokotizoni ya asilimia 1, nayo steroidi ila dhaifu sana ukilinganisha, ya siku chache tu za kumshusha asiporomoke, kapsuli za doksi, yaani antibayotiki ya doksisaiklini, baada ya kumuuliza kama ana ujauzito, kitambaa cha maji baridi, na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Sabuni ya kipande aweke kando, aoshe kwa kitu laini mara mbili kwa siku. Mafuta ya kichwani mwisho. Na akasema sentensi ambayo mama yake alipoisikia hakuipenda kabisa: "Utaharibika kwanza, wiki mbili tatu, ndo utapona."

Akaharibika. Yaani wiki ya pili nilipoenda kumwona nyumbani nilijuta kwenda. Uso umevimba, unachuruzika maji sehemu, anashona kageukia ukuta wateja wasimwone. Mama yake alikuwa jikoni anakuna nazi, hakunikaribisha kama kawaida, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto alikuwa mzima na dawa ya dukani, wamempeleka hospitali ndo wamemwozesha uso." Nikajibu, "Shikamoo mama." Ningejibu nini kingine? Akaitikia marahaba akaendelea kukuna nazi. Tulikaa kimya na ule mlio wa mbuzi tu, krach krach, mpaka nikaaga.

Wiki ya nne ndo ikaja balaa ya pili, na hii sikuiuza mimi. Binamu yake alikuwa Mombasa, akarudi kupitia mpaka wa Horohoro na zawadi, jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Sasa benzoili peroksaidi ni dawa nzuri sana ya chunusi, naisema wazi isije ikachafuka jina kwa kisa hiki. Inaingia tunduni, inaachia oksijeni, bakteria wa chunusi hawaipendi oksijeni, wanakufa, na tofauti na antibayotiki za kupaka kama klindamaisini ni kwamba bakteria hawajifunzi kuishinda. Klindamaisini ukiipaka peke yake kwa muda mrefu wanaizoea, ndo maana inatakiwa ipakwe pamoja na benzoili.

Lakini watu wanasoma asilimia kama wanavyosoma nguvu ya injini. Asilimia 10 lazima iwe mara nne ya 2.5, si ndio? Hapana. Ilishapimwa, kwenye vipele vyenye uvimbe ile ya 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya 5 na ya 10, kinachoongezeka ni kuunguza na kukausha. Na yeye alikuwa na ngozi iliyochunwa na steroidi, akapaka tabaka nene, uso mzima, asubuhi, mchana, jioni, siku mbili.

Siku ya tatu mama yake ndo aliyenipigia, na hakuanza na uso, alianza na ushungi. "We Zai, hiyo dawa mmeitia jiki?" Maana ushungi mweusi wa mtoto, ule wa kitambaa kizuri, ulikuwa umepata mabaka ya rangi ya chungwa bivu chini ya kidevu na pande zote mbili za taya, ukiuvaa mabaka yanakaa pale pale dawa inapokaa, kama ramani. Foronya ya kijani imekuwa na duara la njano. Leso ya mama yake, aliyoazima kujifutia uso, imepauka ncha. Benzoili peroksaidi inapausha nguo, ni sifa yake, mvaa ushungi na mwenye mashuka ya rangi lazima aambiwe kabla hajafungua kifuniko. Uso wenyewe ulikuwa umekauka kama ukoko wa wali uliobanduka sufuriani, pembe za mdomo zimepasuka.

Nikamwambia aache kila kitu isipokuwa mafuta mepesi, siku kumi. Jeli nikaichukua mimi nikaiweka, na sikuitupa maana tuliitafutia kazi baadaye. Nikaiweka pa baridi, sio juu ya kabati chini ya bati kama alivyokuwa ameiweka, kwa sababu mwaka 2024 maabara moja ya Marekani ilitoa taarifa kwamba bidhaa za benzoili peroksaidi zikikaa kwenye joto zinaweza kutengeneza benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani, na mamlaka ya dawa ya kule ilipopima mwaka uliofuata nyingi zilikuwa salama, chache zikaondolewa sokoni. Sio la kumtia mtu hofu, ila chumba cha bati wakati wa kaskazi kila mtu wa Tanga anakijua.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili tukarudi kliniki. Uharibifu wa juu ulikuwa umetulia, vile vipele vya chapa moja vimeisha, na zikabaki zile chunusi zake za zamani pamoja na madoa meusi kibao. Nilikaribia kucheka, nilimwona Mwanaidi wa kidato cha pili. Mtaalamu akasema sasa ndo tunaanza.

Akaandika adapalini jeli ya asilimia 0.1, na mi sina ruhusa ya kuiweka dukani kwangu, kwa hiyo cheti kikaenda famasia mjini. Adapalini ni ya ukoo wa vitamini A. Ndugu yake mkubwa, tretinoini, imekuwepo tangu 1971 Marekani, adapalini yenyewe iliidhinishwa 1996, na kule tangu 2016 hiyo ya 0.1 inauzwa bila cheti. Mtaalamu aliichagua kwa sababu mbili: inachoma kidogo kuliko tretinoini, na haiharibiwi na mwanga wala na benzoili, tofauti na tretinoini ya kizamani. Kazi yake haiko kwenye kipele unachokiona. Iko kwenye kizibo, inazifanya seli zibanduke vizuri zisigandane, kwa hiyo inazuia chunusi ya mwezi ujao. Hapo ndo watu wanaposhindwana nayo. Mtu anapaka leo anatazama kipele cha leo, kipele cha leo kilianza chini ya ngozi wiki nyingi nyuma, dawa inafanya kazi kwenye vile ambavyo bado hujaviona.

Nilimfundisha kupaka pale pale barazani, kwenye mwanga wa cherehani. Osha, kausha kwa kubonyeza sio kusugua, subiri kama dakika ishirini ngozi ikauke kabisa maana ngozi mbichi inachomeka. Paka mafuta mepesi kwanza, tabaka jembamba. Afu toa jeli kiasi cha punje ya kunde. Akatoa kama ya kupaka mswaki. Nikamwambia rudisha. Akacheka, "Dada, hiyo itatosha uso au pua?" Punje moja ya kunde, uiguse paji, mashavu, kidevu, afu usambaze uso mzima, usidonoe kipele kimoja kimoja, na pembe za macho, pua na mdomo uziruke. Usiku tu. Jumatatu na alhamisi peke yake, wiki mbili. Kisha usiku mmoja ndio mmoja sio. Kwa ngozi nyeusi hili la polepole si la kupendeza tu, kila mchomo wa dawa nao unaacha doa lake jeusi, kwa hiyo mtu anayekimbilia kuondoa chunusi kwa kujiunguza anabadilisha vipele kwa madoa, na madoa yanakaa zaidi. Mchana mwavuli, na krimu ya kuzuia jua pale alipoweza kununua, hakuweza kila mwezi na sikumsumbua.

Januari mwanzoni, wiki ya tatu, akatumbukia dukani magharibi inaingia. Vipele vimeongezeka, vichwa vyeupe vidogo vidogo kidevuni. Hakukaa.

"Dada nikuambie ukweli? Ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii."

"Najua."

"Unajua afu unaniacha?"

"Ile ilikupendezesha siku tatu ikakuchoma wiki tisa. Hii inakuchoma wiki tatu nne."

"Na harusi je?"

"Harusi ina miezi mitatu, Mwana. Dawa inaomba wiki kumi na mbili. Zinatosha, ila usiivunje hata moja."

Akatazama rafu nyuma yangu. Ile krimu ilikuwa pale, siwezi kuiondoa dukani ina wagonjwa wake, na akaitazama kama mvuta sigara anavyotazama pakti. Sikusema kitu. Akaondoka na pakiti ya pedi na chenji.

Kuongezeka huku kunajulikana, vizibo vilivyokuwa chini vinasukumwa juu vyote kwa mkupuo, si kila mtu anapata lakini wengi wanaacha dawa hapo hapo. Ukipitisha wiki ya sita na bado kunazidi, au kunavimba na kuuma, rudi kwa aliyekuandikia. Kwake kulipungua wiki ya tano. Wiki hiyo ndo tukaitoa ile jeli ya Mombasa jela: mtaalamu alikubali aitumie asubuhi kwa kupaka na kuosha, anapaka nyembamba sehemu ya taya na kidevu, dakika tano, anaiosha yote kwa maji mengi, anajifuta kwa taulo jeupe. Dakika tano za asilimia 10 zinaua bakteria na hazibaki kuchoma wala kufika kwenye ushungi. Taulo jeupe nilimnunulia mimi, ndo faini yangu.

Wiki ya tisa mama yake akaniletea visheti dukani, kwenye mfuko wa rambo, hakutaja uso. Nikajua.

Mtihani wa mwisho ulikuwa somo, yule mwanamke anayemfunda na kumwandaa bibi harusi. Bibi wa miaka sabini na kitu, kaozesha nusu ya Makorora, na somo ana ratiba yake: siku saba singo kutoka utosini mpaka unyayo, liwa, ule mti wa kunukia, ukisagwa kwenye jiwe la msio, udi, uso kutolewa vinyweleo kwa uzi. Singo ni kusugua. Ngozi iliyo kwenye adapalini ukiisugua na singo au ukaivuta na uzi inatoka. Nilitumwa mimi nikamweleze, mama yake hakuthubutu. Nikaamkia, nikakaa chini mkekani, nikaeleza. Bibi akanisikiliza huku anachambua viungo kwenye ungo, afu akasema, "Mwanangu, bibi harusi anasingwa mwili mzima. Uso mmeuweka rehani kwa nani?"

Nikamwambia kwa dawa, bibi, na tunaukomboa harusi ikipita.

Akacheka mpaka akakohoa. Tukapatana hivi: adapalini iachwe siku kumi kabla ya uzi, singo ianzie shingoni kushuka, usoni liwa nyepesi tu na ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio. Ilijaribiwa, haikuwasha. Ila shingo bibi aliikamia kulipiza.

Mfungo mosi akaolewa. Nilikuwepo ukumbini, nilimtazama kwa karibu wakati wa kutunza: hakuna kipele kinachouma, hakuna uvimbe, madoa yapo shavu la kushoto chini ya poda, na vile vimishipa mashavuni vimefifia ila ukijua pa kutazama unaviona. Uso wake si wa tangazo.

Adapalini hajairudia. Dawa za ukoo huo hazipakwi na mwanamke mwenye ujauzito au anayeutafuta, ni tahadhari, na bibi harusi wa wiki mbili hajui lini atashika mimba. Nilimkumbusha hilo mapema, mbele ya mumewe, na mume akauliza vizuri tu kama yeye kuwa karibu nayo kuna shida, nikamwambia hapana. Mtaalamu akambadilishia krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, inakubalika kwa mjamzito, inapambana na chunusi na inafifisha madoa taratibu, tatizo lake inawasha wiki za mwanzo na hapa mjini ilibidi iagizwe.

Wale shoga zake wawili niliwafuata. Mmoja alikuwa ameacha baada ya tyubu moja, mzima. Mwingine kahamia Muheza, alikuwa bado anapaka, tuliongea kwa simu dakika arobaini na keshaenda kliniki mara moja.

Juzi Mwanaidi kaja dukani, chunusi mbili taya la kushoto, siku zake zimekaribia. Akauliza akazipake nini. Nikamwambia azelaiki kama kawaida, na ile ya dakika tano, taulo jeupe. Ushungi wa mabaka ya chungwa bado anao, anafutia mafuta ya cherehani.